Akiba ya Kiangazi na Mbegu ya Septemba
Somo juu ya mavuno, hifadhi na upanzi mpya

Mwezi wa Juni ufikapo katika milima ya Kivu, mvua hupungua, kisha hukoma. Majani ya maharagwe hugeuka manjano, maganda hukauka, na mabua ya mahindi hupigwa na upepo kwa sauti kavu. Huo ndio wakati wa furaha nyumbani. Chungu hujaa, wageni hukaribishwa, na sokoni fedha hupita toka mkono hata mkono. Lakini wazee wenye busara hawatazami chungu peke yake. Wao hujiuliza: Mwezi wa Septemba, mvua ya kwanza itakapoupiga udongo, mkono utakuwa na nini cha kupanda?

Kati ya mavuno ya Juni na mvua ya Septemba kuna miezi mitatu tu. Katika miezi hiyo mambo matatu huamuliwa: kitakacholiwa, kitakachohifadhiwa, na kitakachorudi udongoni. Mtu asiyeyaamua mapema, njaa humwamulia. Somo hili laeleza namna ya kuyapanga mambo hayo matatu kwa utaratibu.

I. Habari ya nyumba mbili

Katika kijiji kimoja cha mlimani palikuwa na mama mzee, mjane, pamoja na mke wa mwanawe. Nyumba zao zilitazamana, na mashamba yao yalitengwa na mfereji mmoja. Mwaka mmoja maharagwe yalistawi sana upande huu na upande huu. Mke kijana alivuna magunia mawili na nusu. Mumewe alikuwa mbali, akifanya kazi machimboni. Naye mke alitaka nyumba ipate mabati kabla bwana wake hajarudi. Basi akauza magunia mawili sokoni, akanunua mabati. Hilo halikuwa kosa, kwa maana nyumba yao ilikuwa ikivuja. Kosa lilikuwa katika lile nusu gunia lililobaki. Jioni ileile maharagwe yalipopurwa, aliyatia guniani yakingali na unyevu kidogo, akafunga mdomo wa gunia, akaliegemeza ukutani. Akasema moyoni: Hiki ndicho chakula, na hii ndiyo mbegu.

Mama mkwe alivuna gunia moja tu. Akayaanika mkekani siku nne, akayachagua punje kwa punje, akatenga kilo 10 za mbegu, akazitia katika bidoni safi pasipo kuijaza. Kisha kila asubuhi na kila jioni aliilaza bidoni chini, akaibingirisha mara chache, akaisimamisha tena. Mkewe mwana alipomwona alicheka, akasema, “Mama, bidoni hiyo waibembeleza kama mtoto mchanga?”

Mama mzee akajibu, “Naam, mwanangu. Mtoto huyu akilala siku nzima pasipo kugeuzwa, huota meno.”

Yule kijana alidhani ni mzaha wa wazee. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti alifungua gunia lake ili apike. Mkono wake ulitoka umejaa unga mweupe. Kila punje ilikuwa na tundu, nyingine matundu matatu au manne, na wadudu wadogo wa rangi ya kijivu walitambaa juu ya vidole vyake. Ndipo alipoyaelewa yale meno.

II. Adui watatu wa ghala

Yafaa kuwajua adui kabla ya kushindana nao. Adui wa mavuno ni watatu: mdudu, unyevu na haraka.

Adui wa kwanza ni mdudu. Watu wengi hudhani kwamba mdudu wa maharagwe huzaliwa na gunia lenyewe. Sivyo. Mdudu huyo hutoka shambani. Maganda yanapokomaa na kupasuka, mdudu wa kike huingia na kutaga mayai yake kati ya punje. Hivyo maharagwe yaingiapo nyumbani, adui amekwisha kuingia pamoja nayo. Mayai yakianguliwa, mtoto wa mdudu, ambaye ni mdogo sana, hutafuta punje ya kutoboa. Kazi hiyo yampasa kuifanya kwa muda mrefu, yapata siku nzima, huku amejiegemeza kwenye punje ya jirani ili apate nguvu ya kusukuma. Akiisha kuingia, hula ndani, hukua, hutoka akiwa mzima, hutaga tena. Kwa hiyo wachache wa Juni huwa maelfu katika Agosti.

Hapa fumbo la mama mzee lafunguka. Bidoni ikibingirishwa asubuhi na jioni, punje hupinduka, na yule mtoto wa mdudu hupoteza mahali alipoanza kutoboa. Hulazimika kuanza upya. Akianza upya mara kwa mara, nguvu humwishia naye hufa kabla hajaingia. Wataalamu wa kilimo walilipima jambo hilo na kulithibitisha. Lakini ili punje zipinduke, chombo kisijazwe kabisa. Kiwe nusu, au zaidi ya nusu kidogo.

Adui wa pili ni unyevu. Punje yenye unyevu hupata joto ndani ya gunia, huota ukungu, hunuka. Ukungu huo si uchafu tu. Aina nyingine zake hutoa sumu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Ndipo wataalamu walipoitambua sumu hiyo, wakaiita aflatoksini. Huharibu ini la mtu pole pole. Kupika hakuiondoi. Huonekana hasa katika karanga na mahindi. Kwa sababu hiyo karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe, yasisagwe pamoja na mazuri, wala wasipewe kuku na nguruwe. Kupoteza kikapu kimoja ni afadhali kuliko kupoteza afya.

Adui wa tatu ni haraka, nayo ni mtoto wa njaa. Ghala ikiwa tupu, mtu hawezi kungoja. Mfano wake ni muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu, nayo huondoka ukimenywa, ukilowekwa majini siku tatu, kisha ukaanikwa vizuri juani. Katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo, kuna ugonjwa uitwao konzo. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu aliyekuwa akitembea vema, miguu yake hukakamaa ghafula, na haiponi tena. Zaidi hushikwa watoto na wanawake. Katika miaka ya 1980, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, biashara ya muhogo iliongezeka katika sehemu hizo. Watu wakaanza kuuloweka siku moja tu badala ya tatu, na ugonjwa ukazidi. Hushika hasa pale ambapo watu hula muhogo huo siku zote, pasipo maharagwe, samaki wala nyama. Basi yaonekana wazi: mwenye akiba ya maharagwe aweza kungoja siku tatu, asiye na akiba hushindwa kungoja.

III. Kukausha na kuhifadhi punje

Kazi ya kuhifadhi ina hatua nne, nazo zafuatana. Anayeruka moja huzipoteza zote.

1. Kuvuna kwa wakati. Maharagwe yang'olewe maganda yakiisha kukauka, bali yasiachwe shambani siku nyingi, kwa kuwa kila siku mdudu huzidi kutaga. Kazi hii yafaa asubuhi, maganda yakiwa na umande kidogo, ili yasipasuke na kumwaga punje.

2. Kuanika. Punje zisianikwe juu ya udongo mtupu, maana udongo una unyevu na ukungu. Zitandazwe juu ya mkeka au turubai, unene usizidi kidole kimoja, zigeuzwe mara nyingi. Jioni zikusanywe na kufunikwa zisipate umande. Punje ikiisha kukauka, jino haliiachi alama. Hukatika kwa mlio.

Kuna tena njia ya kujaribu kwa chumvi. Chupa kavu ya kioo itiwe chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, kisha punje mpaka robo ya chupa. Ifungwe, itikiswe vizuri, iachwe robo ya saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, punje zingali na unyevu, zirudishwe juani. Chumvi ikianguka chini yote, punje zafaa kuwekwa ghalani.

3. Kupoza na kuchagua. Punje zilizotoka juani zina joto. Zikifungwa hivyo hivyo, hutoa jasho ndani ya chombo. Ziachwe kivulini mpaka zipoe. Wakati huo zichaguliwe: zenye matundu, zenye madoa, zilizovunjika na zilizosinyaa zitengwe.

4. Kufunga. Njia ni nyingi, kila mtu ashike iliyo karibu na uwezo wake.

Njia ya kwanza ni ile ya kubingirisha chombo asubuhi na jioni, kama yule mama mzee.

Njia ya pili ni majivu. Majivu ya jikoni yapoe kabisa, yachekechwe, yachanganywe na punje. Wakulima wa kunde katika nchi ya Kameruni huchanganya vikombe 3 vya majivu na vikombe 4 vya kunde, kisha huongeza tabaka la majivu juu, unene wa vidole viwili. Mdudu hawezi kupita katikati ya majivu, wala kumtafuta mwenzake.

Njia ya tatu ni kuzuia hewa. Chombo kijazwe mpaka mdomoni pasiwe na nafasi, kifungwe sana, hata kifuniko kipakwe nta au sabuni. Wadudu waliomo huimaliza hewa, kisha hufa. Katika miaka ya 1980 wataalamu walitengeneza huko Kameruni mfuko wa tabaka tatu kwa kazi hiyo: mifuko miwili ya plastiki ndani, na gunia la kawaida nje. Siku hizi mifuko hiyo hutumiwa katika nchi nyingi za Afrika. Lakini chombo cha namna hii kisifunguliwe kila siku, kwa maana kila kukifungua ni kuwapa wadudu pumzi mpya. Kwa hiyo chakula cha juma kitolewe mara moja, kiwekwe kando.

Dawa zenye sumu ziuzwazo sokoni pasipo maandishi zisitumiwe kamwe juu ya chakula. Wala mbegu zilizotiwa dawa zisipikwe, hata zikioshwa mara saba.

IV. Mboga za bustani

Mboga zina maji mengi, kwa hiyo haziwezi kukaa kama maharagwe. Hata hivyo nyingi zaweza kuvuka kiangazi.

Lengalenga, majani ya kunde na matembele huchumwa yakiwa machanga, huoshwa, hutiwa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha hukamuliwa na kutandazwa. Lakini yasianikwe juani. Jua kali hupoteza sehemu kubwa ya ile nguvu ya majani iitwayo vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto. Yaanikwe kivulini penye upepo. Yakikauka hata kuvunjika mkononi, yawekwe katika chombo kikavu kilichofungwa, mahali pa giza.

Nyanya zilizoiva zikatwe vipande, zinyunyizwe chumvi, zianikwe zikifunikwa kitambaa chembamba kwa ajili ya nzi. Zikikauka hutosha kuunga mchuzi wakati sokoni nyanya ni ghali.

Vitunguu ving'olewe shingo zake zikiisha kulegea na majani kuanguka. Viachwe kivulini penye upepo yapata majuma mawili mpaka ngozi ya nje iwe kavu kama karatasi, ndipo visukwe na kutundikwa. Vyenye shingo nene na vilivyochubuliwa na jembe viliwe kwanza, kwa sababu havikai.

Boga livunwe likiwa na ganda gumu lisiloingia kucha, pamoja na kikonyo chake. Lisibebwe kwa kikonyo, kwa kuwa kikivunjika, uozo huingia hapo. Likilazwa juu ya nyasi kavu ndani ya nyumba, hukaa miezi.

Viazi vitamu havipendi ghala. Ni afadhali vikae udongoni na kuchimbwa kidogo kidogo, huku nyufa za tuta zikifukiwa ili fukusi asiingie.

V. Mbegu kwanza, chungu baadaye

Hili ndilo jambo kubwa la somo lote. Mbegu haitoki katika mabaki ya chakula. Mbegu hutengwa kwanza, siku ileile ya mavuno, na kilichobaki ndicho chakula, ndicho cha soko, ndicho cha wageni. Mtu asemaye, “Nitakula, kisha kitakachobaki nitapanda,” huyo hupanda punje dhaifu, au hapandi kabisa.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yosefu alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Yafaa kuona wakati wa shauri lenyewe: lilitolewa kabla ya njaa, ghala zikiwa bado zaweza kujazwa. Njaa ikiisha kuingia, shauri la akiba limechelewa.

Mbegu njema huchaguliwa shambani kabla ya kuvuna. Mkulima apite katikati ya maharagwe yake, aifunge kamba miche yenye nguvu, yenye maganda mengi, isiyo na madoa. Ugonjwa wa madoa meusi ya maganda husafiri ndani ya mbegu. Apandaye punje yenye madoa hupanda ugonjwa. Kwa mahindi pia, magunzi ya mbegu yachaguliwe kwenye mabua yaliyosimama imara, wala si katika rundo nyumbani.

Wanawake wengi wa Kivu huchanganya namna nyingi za maharagwe katika shamba moja, nyeupe, nyekundu, nyeusi na za mabaka. Wengine huwacheka. Lakini hekima imo: mvua ikizidi, namna moja huteseka na nyingine husimama; jua likizidi, huwa kinyume. Basi wakati wa kuchagua, kila rangi ipate sehemu yake.

Je, mbegu kiasi gani? Kwa maharagwe mafupi, kilo 1 hutosha yapata ari moja, yaani kipande cha meta 10 kwa meta 10. Mwenye ari 10 atenge kilo 10, kisha aongeze kilo 2 au 3, kwa kuwa mvua ya kwanza hudanganya. Hunyesha siku mbili, hukoma, na miche hufa. Asiye na mbegu ya pili hulia.

Nyanya za mbegu zikamuliwe katika kikombe, ziachwe siku mbili au tatu mpaka ute wake uchache, zioshwe, zikaushwe kivulini. Masuke ya lengalenga yaliyokomaa yasuguliwe mkononi na kupepetwa. Lakini mbegu za dukani za namna chotara, mazao yake hayafai kuwa mbegu tena, kwani watoto hawafanani na mzazi.

Viazi vitamu havina mbegu ya kuweka kibuyuni. Mbegu yake ni shina bichi. Kiangazi kikali huziua shina zilizo mlimani. Kwa hiyo mwezi wa Juni zikatwe shina safi, zipandwe kando ya kijito au bondeni penye unyevu, zingoje huko mpaka mvua irudi. Nyumba nyingi hukosa viazi vya Januari kwa sababu mwezi wa Juni hazikupanda tuta moja tu la shina.

Mwishoni mwa Agosti mbegu zijaribiwe. Punje 20 zilazwe katika kitambaa chenye unyevu, zitazamwe baada ya siku saba. Zikiota 17 au zaidi, ni njema. Zikiota 10 tu, mkulima apande mara mbili, au atafute nyingine mapema.

VI. Bustani ya bondeni

Kiangazi si wakati wa kulaza jembe. Maji yanapopungua mabondeni, udongo mweusi wenye unyevu hubaki wazi, nao ni bustani tayari.

Kazi huanza mwezi wa Mei katika kitalu. Mbegu za kabichi, ambazo wengi huziita shu, za vitunguu na za nyanya husiwa katika tuta dogo lenye udongo laini, chini ya kivuli chepesi cha nyasi. Miche ya kabichi na nyanya huhamishwa ikiwa na majuma manne au sita. Vitunguu hungoja mpaka majuma sita au nane. Ihamishwe jioni, imwagiliwe maji mara moja. Kabichi iliyohamishwa mwezi wa Juni huliwa mwezi wa Septemba, wakati ambao mlimani hakuna kitu. Lengalenga ni mwepesi zaidi: baada ya majuma matatu au manne huanza kuchumwa. Basi yafaa kuusia kidogo kidogo, tuta moja kila majuma mawili, ili mboga isikatike nyumbani.

Nyanya zisipandwe mahali palipotoka nyanya au viazi mbatata, kwa maana magonjwa yao ni mamoja. Mfereji wa maji ulindwe, wala mtu asiuzibe apate peke yake, kwa kuwa bustani ya jirani wa chini yautegemea.

Mwezi huohuo wa Juni mabaki ya shamba yasichomwe. Majani ya maharagwe, mabua yaliyokatwakatwa, magugu yasiyo na mbegu na samadi ya mbuzi au ng'ombe yapangwe tabaka kwa tabaka katika shimo lenye kivuli, yanyunyizwe maji, yageuzwe kila mwezi. Septemba itakapofika, rundo limekuwa udongo mweusi wa kulisha mbegu. Mimea yenye ugonjwa peke yake ndiyo ichomwe.

VII. Mwisho wa habari

Mvua ya kwanza ilishuka katika juma la pili la Septemba. Kijijini kote majembe yalisikika. Yule mke kijana alikaa ndani siku mbili chini ya mabati yake mapya, akiona haya. Siku ya tatu alivuka ua, akapiga magoti mlangoni pa mama mkwe.

“Mama,” akasema, “sina mbegu.”

Mama mzee hakumkaripia. Aliingia ndani, akatoka na bidoni. Punje zilitoka nzima, zenye kung'aa. Akazimimina juu ya mkeka, akazigawanya mafungu mawili kwa mkono wake. Yule kijana aliona yale mafungu, akafahamu. Kilo 10 zilitosha shamba moja. Kwa mashamba mawili zilikuwa nusu na nusu.

“Mama, nawe utapanda nini upande wa pili?”

“Nitapanda nilichonacho, mwanangu. Nawe utapanda ulichonacho. Udongo uliobaki utatungoja.”

Hivyo mwaka ule nusu ya kila shamba ilibaki majani. Mwezi wa Januari mavuno yalikuwa machache pande zote mbili, na nyumba zote mbili zilikula mara moja kwa siku kabla ya mavuno ya Juni. Kosa la ghala moja lililipwa na vyungu viwili. Lakini siku ya kupura maharagwe ya Januari, kabla hajapika chungu cha kwanza, mke kijana aliazima ungo wa mama mkwe, akachagua mbegu mpaka jua lilipotua. Jioni ile watoto walisikia sauti ya bidoni ikibingirika katika ua huu, na baada ya kitambo, sauti nyingine ikijibu katika ua wa pili.

Maswali ya kukumbuka somo

Swali: Adui wa ghala ni wangapi?
Jibu: Ni watatu: mdudu, unyevu na haraka.

Swali: Mdudu wa maharagwe hutoka wapi?
Jibu: Hutoka shambani, ambako hutaga mayai katika maganda yaliyokomaa.

Swali: Kwa nini chombo cha mbegu hubingirishwa asubuhi na jioni?
Jibu: Ili mtoto wa mdudu apoteze mahali alipoanza kutoboa, naye afe kabla hajaingia ndani ya punje.

Swali: Chombo kipi kisijazwe, na kipi kijazwe kabisa?
Jibu: Chombo cha kubingirishwa kisijazwe, ili punje zipinduke. Chombo cha kuzuia hewa kijazwe mpaka mdomoni.

Swali: Je, karanga na mahindi yenye ukungu yafaa kuliwa yakipikwa sana?
Jibu: Hayafai, kwa kuwa sumu yake haiondoki kwa moto.

Swali: Muhogo mchungu ulowekwe siku ngapi?
Jibu: Siku tatu, kisha uanikwe vizuri, hata njaa ikiwapo, siku hizo zisipunguzwe.

Swali: Mbegu ya viazi vitamu hutunzwaje wakati wa kiangazi?
Jibu: Shina zake hupandwa mwezi wa Juni mahali penye unyevu, kando ya kijito au bondeni.

Swali: Mbegu hutengwa lini?
Jibu: Siku ya mavuno, kabla ya chungu cha kwanza na kabla ya soko.